Aliyecheka nyuma ya ile odio ni mimi

Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa nusu. Upande wa kushoto tayari, wa kulia bado, shuka imefungwa shingoni, kinyozi ameshika mashine karibu na sikio langu, ndipo kijana mmoja aliyekaa kwenye benchi akafungua simu yake akaweka odio sauti ya juu kabisa. Si unajua vijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, mtu hasikilizi kitu peke yake, lazima saluni nzima isikie.

Odio ilikuwa ya derby, Mazembe na Lupopo. Sekunde 40 hivi. Mwanaume mmoja anaimba kwa sauti ya pombe: "Balupopo mupande treni, mupande treni, murudiye kwenu!" Nyuma yake watu wanapiga meza. Afu nyuma ya hao wanaopiga meza kuna mtu anacheka, kicheko kirefu kinachokwama kwama katikati kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Benchi lote likacheka. Mashine ikazimwa.

Kinyozi akaniangalia. Hakunigeukia, aliniangalia kupitia kioo tu. "Huyu mwenye kucheka huku nyuma, haiko weye?"

Nilisema nini? Nilisema "aah, kwani kicheko kina jina?" Benchi likacheka tena. Yeye hakucheka. Akawasha mashine, akamaliza upande wa kulia vizuri kabisa, akapitisha wembe nyuma ya masikio, akapaka spiriti, akapangusa shingo kwa brashi, yani kazi safi kuliko siku zote. Nikalipa. Akahesabu franka, akanirudishia chenji.

"Merci, papa."

Miaka minne ananinyoa huyu kijana, na siku zote ananiita yaya, yani kaka.

Wiki sita zimepita na hilo neno bado liko na mimi. Mtu asiyeijua Lubumbashi atasema ubaya uko wapi, papa si heshima? Ndiyo, ni heshima. Njo heshima unayompa mtu uliyekutana naye leo kwenye foleni ya maji.

## Odio ilivyozaliwa

Nieleze basi, juu sitaki mtu afikiri nimesingiziwa.

Siku ile tulishinda. Mimi ni mtu wa Mazembe tangu tumboni, baba yangu alishangilia timu bado inaitwa Englebert, nyumbani tulifundishwa Baba Yetu Uliye Mbinguni na makombe ya Afrika ya 1967 na 1968 karibu kwa pumzi moja. Tukatoka uwanjani Kamalondo tukakaa kwenye terasi moja hapo hapo karibu, meza tatu tumeziunganisha, bia za Simba baridi, michopo ya mbuzi inafuka moshi, kila mtu anasimulia bao lile lile kwa namna yake. Rafiki mmoja, simtaji, mtu wa kuchekesha kweli kweli, akasimama akaanza wimbo.

Wimbo wa treni si mpya. Lupopo ni timu ya reli, wenyewe wanajiita Cheminots, kwa hiyo wakipoteza tunawaambia wapande treni waende, wakishinda wao wanatupigia honi ya treni mtaani mpaka usiku wa manane, na sisi, juu tunaitwa Kunguru, wanatutupia mahindi. Njo derby hiyo. Miaka yote iko hivyo.

Ila siku hiyo alitia kipande: murudiye kwenu. Na kwenye mstari wa tatu akatia jina la kabila, sitaliandika hapa, pamoja na kale kaneno ka kuita watu wadudu ambako kila mtu wa Katanga mwenye zaidi ya miaka 35 anakajua.

Mimi nikacheka.

Siwezi kusema sikusikia. Nilisikia vizuri. Tena nilichekea ule mstari wa tatu hasa, juu ulikuja ghafla, na kitu kikija ghafla tumbo linacheka kabla kichwa hakijaulizwa. Hivyo njo nilivyojitetea siku za kwanza. Afu nikakumbuka kwamba kicheko changu kwenye odio ni kirefu, kinafika sekunde kumi nzima. Sekunde kumi kichwa kilikuwa kimekwisha kuulizwa.

Mtu alikuwa anarekodi, sijui nani, kila mtu siku hizi anarekodi. Usiku ule ule ikaingia grupu ya wasapota, asubuhi ikawa kwenye grupu ya familia ya mke wangu, kwenye grupu ya kwaya, kwenye grupu ya wazazi wa shule, mchana ikanirudia kutoka kwa binamu yangu wa Ndola, ameweka nyuso sita za kucheka na machozi, na juu yake ile alama ya mishale miwili kwamba imepita mikono mingi. Mimi mwenyewe niliipeleka mahali pawili. Nimeangalia kwenye simu ili nisijidanganye. Pawili.

## Treni gani?

Hapa ndipo nilipokwama wiki nzima. Nilikuwa nabishana na kinyozi kichwani mwangu, nikiwa kwenye basi, nikiwa kazini, nikiwa naoga. Namwambia: mdogo wangu, treni ni ya Lupopo, haikuhusu. Ni utani wa reli. Hizi timu mbili zimezaliwa mwaka mmoja, 1939, kama mapacha, mji bado unaitwa Élisabethville, moja ikabatizwa Saint-Georges na mapadri Wabenedikto, nyingine ikapewa Saint-Éloi, mtakatifu wa wafua vyuma. Timu za watakatifu wawili, ona sasa tulipofika. Mtakatifu Georges aliua joka, sisi watoto wake nembo yetu ni mamba aliyebana mpira mdomoni.

Namwambia hayo yote na yeye, kichwani mwangu, ananiangalia kupitia kioo.

Juu yeye hakusikia Lupopo. Si mtu wa Lupopo, si mtu wa Mazembe, anaangalia mpira wa Ulaya Jumatano na basi. Yeye alisikia stesheni ya Likasi.

Aliwahi kunisimulia. Siku moja ya mvua, saluni tupu, anaongea chini chini kama mtu anayeongea na ile mashine. Mama yake alikaa pale stesheni mwaka 1992, wakati watu wa Kasai wanafukuzwa Katanga, na wazazi na wadogo zake na mtoto wake wa kwanza mgongoni, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Wiki juu ya wiki. Wanalala nje kati ya magunia na masufuria, mvua inawapiga, maji hakuna, choo hakuna. Yule mtoto wa mgongoni hakuipanda hiyo treni, alibaki Likasi, ardhini. Miaka ikapita, mama akarudi Katanga, maisha ya Mbuji-Mayi yalimshinda, na hapa njo huyu kinyozi alipozaliwa. Huku. Kwao ni huku.

Sitaeleza 1992 na 1993 zilikuwa nini, Likasi kwanza, afu Kolwezi. Anayejua anajua. Asiyejua amwulize mzazi wake jioni, na amwangalie usoni kabla hajajibu.

Kitu kingine hiki, nacho kinaniumiza kichwa mpaka leo: ni reli iliyowaleta. Wakati wa Wabelgiji kampuni ya shaba na kampuni ya reli zilikwenda kutafuta wafanyakazi Kasai, wakaja na treni, wakachimba na babu zetu, wakajenga na babu zetu, watoto wakazaliwa kambini wanaongea hiki hiki Kiswahili chetu cha Lubum kilichochanganyika kila kitu. Afu wajukuu zao wakapandishwa treni kurudishwa mahali ambapo wengi wao walikuwa wanapasikia kwenye hadithi tu. Kwa hiyo neno treni hapa kwetu lina mzigo ndani. Mtu wa mbali anaweza kuliimba bila kujua. Sisi tuliokuwa kwenye ile terasi, wote tumevuka miaka 40, hakuna hata mmoja aliyekuwa hajui.

## Cherehani

Sehemu hii nimeiandika na kuifuta mara mbili.

Mimi nilikuwepo Likasi. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi, tunakaa kambini, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Mlango wa pili kutoka kwetu walikaa watu wa Kasai, na mama wa pale alikuwa fundi wa kushona wa kambi nzima, suruali yangu ya komunyo ya kwanza aliishona yeye, na alinipima mara mbili juu nilikuwa natikisika. Wiki moja nikitoka shule nikakuta vitu vyao nje kwenye mkeka. Viti, redio, baiskeli, pasi ya makaa, picha ya Bikira Maria. Vinauzwa kwa bei ya nyanya, juu kwenye treni ile kabati haipandi.

Mama yangu akanunua cherehani.

Singer nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, ina maua ya dhahabu ubavuni yaliyofutika nusu pale mkono ulipokuwa unapumzika. Hakuiba. Hakumtukana mtu, tena alilia, nilimwona akilia. Alilipa kile alichoombwa, na alichoombwa kilikuwa karibu na bure, na alijua. Yule mama kabla hajaachia mashine alifungua kale kamlango kadogo ka chini, akatoa bobini iliyokuwa na uzi mweupe, akaiweka mfukoni. Sijui juu ya nini. Bobini peke yake haishoni kitu.

Ile cherehani iko kwa mama mpaka leo, hapa Kampemba. Ina kitambaa cha kufuma juu yake, na juu ya kitambaa kuna tele, yani televisheni.

Sasa subiri. Desemba 2010, Mazembe na Inter Milan, Abu Dhabi, fainali ya kombe la dunia la vilabu. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika pale. Nyumba ya mama ilijaa mpaka watu wako dirishani, tumepigwa 3 kwa 0 na tukacheza muziki hata hivyo, watoto wa mtaa mzima wanaruka na matako kwenye vumbi kama Kidiaba, mimi nalia kama mtoto, mama anamwaga maji kwenye mlango ili vumbi lisiingie. Furaha yangu kubwa kuliko zote za mpira. Nimeiangalia juu ya cherehani ya yule mama.

Miaka 15 sikuwahi kuweka hivyo vitu viwili pamoja.

Niliviweka pamoja mwezi uliopita, nimekaa pale nakula bukari na sombe, mpwa wangu yuko pembeni na simu, odio ikaanza. Mupande treni. Kicheko changu kikatoka kwenye simu ya mtoto wa miaka 14, mbele ya tele, juu ya cherehani.

Nikamwambia azime. Afu nikamwuliza mama: "Mama, ule mama mwenye masini, alifikaka?"

Mama akaendelea kula. "Nitajua namna gani? Ile wakati simu ilikuwa wapi?"

"Mama gani?" mpwa akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikumjibu, na hiyo nayo naiandika hapa.

## Nilipofungua mdomo kwenye grupu

Niliandika kwenye grupu ya wasapota. Si maneno makubwa, nilisema jamani ile odio tuiache kusambaza, mstari wa tatu haufai, na aliyecheka ni mimi, naomba msamaha. Dakika tano nilikuwa nimekwisha kuvaa jezi ya njano na bluu. Umekuwa Lupopo. Umelipwa ngapi. Mpira bila maneno si mpira, ni misa. Mwingine akaniletea picha ya kasisi anabariki watu. Mwingine, mtu mzima huyu, ana wajukuu, akaandika: weye ni mtu wa siasa gani? Maana siku hizi kila kitu ni siasa, timu yetu ni ya Moïse Katumbi, upande wa pili nako wamewahi kukaa wakubwa wa mkoa, kwa hiyo ukisema neno moja la kawaida watu wanatafuta nyuma yako yuko nani. Nyuma yangu alikuwa kinyozi.

Na kuna aliyeandika: ni mchezo tu, papa.

Grupu hiyo hiyo, watu hao hao, Aprili 2023, Lukaku alipofunga penalti Turin mbele ya mashabiki wa Juventus waliokuwa wanamlilia kama nyani, akaweka kidole mdomoni, mwamuzi akampa yeye kadi ya pili akamtoa nje, eh, mngeona grupu! Hakuna aliyelala. Lukaku ni mtoto wetu, damu ya Kongo, tuliwatukana Waitalia kwa lugha nne, na waliposimama hadharani kufuta ile adhabu yake tulishangilia kama bao. Hakuna hata mtu mmoja siku ile aliyeandika ni mchezo tu. Nilirudi nyuma kwenye grupu nikatafuta, nina ushamba huo siku hizi, natafuta vitu vya zamani kwenye simu usiku wakati mke wangu amelala. Nilikuta maneno yangu mwenyewe. Niliandika: "Hao watu hawana wazazi?"

## Jibu la upande wa pili

Lakini kilichonigeuza kabisa si grupu yetu, ni ya wenzetu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni Lupopo wa damu, tena ni avoka, mwanasheria. Tunataniana tangu nilipopeleka mahari. Mimi namwuliza ubingwa wa mwisho ulikuwa lini, najua vizuri ni 2002, lakini kila Krismasi namwuliza tena, na kila Krismasi anajibu kwamba mtu mwenye kuhesabu makombe ya mwenzake hana lake la kunywea. Huo ni utani, naupenda, sitauacha hata mniombe. Utani una mtani wake, mmoja anatupa mwingine anarudisha, afu tunagawana kuku.

Nilikwenda kwake na aibu yangu. Akanisikiliza, akaweka miwani, akaniambia kwanza kama avoka: kuna sheria, ordonnance-loi ya tarehe 7 Juni 1966, ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, iko pale tangu wakati wa Mobutu, na tangu 2023 kuna na code, yani kitabu cha sheria, ya mambo ya dijitali. "Unataka nikushitaki?" Akacheka. Sikucheka, nimepunguza.

Afu akaniambia: "Ngoja nikusikilizishe jibu letu."

Walikuwa wametengeneza odio yao. Wana ngoma, wana honi ya treni, kitu kimepangwa vizuri, wale jamaa wanajua kupiga. Mwimbaji wao anasema, nafupisha: siye haiko ba kule, siye ni batoto ya Katanga kabisa, ba kule ni mweye, muangalie vizuri kati yenu. Na kale kaneno ka wadudu wakakarudisha kwetu, kamefungwa ribon.

Nikamwuliza imesambaa? Akasema sana. Nikamwuliza na wewe uliituma? Akavua miwani akaanza kuifuta na shati.

Mnaona kilichotokea hapo? Hakuna aliyesema msitukane watu. Wamesema: hatuko hao. Kama vile kuwa hao ndiyo kosa lenyewe, tunarushiana kama mtu anayerusha kaa la moto, kila timu inaapa kwamba halikuanguka kwake. Na yule ambaye kweli ni wa kule, aliyezaliwa Katuba, mwenye mama aliyezaliwa Likasi, amekaa kwenye saluni yake anapokea odio ya kwanza Jumapili, ya pili Jumanne. Timu mbili zinazochukiana miaka 80 na zaidi zimepata kitu kimoja zinachokubaliana.

Tulikaa kimya mimi na shemeji. Mke wake akatuletea chai. Akauliza nani amekufa.

## Waliokufa

Kuna waliokufa, kweli, na nilitaka kuandika sehemu kubwa kuhusu hao, afu nikaona nitakuwa nadanganya.

Tarehe 29 Aprili 2001, derby hii hii, mji huu huu, mabomu ya machozi, watu wakakanyagana, wakafa. Yaya yangu alikuwa ndani, alirudi nyumbani na kiatu kimoja, na hicho kimoja si chake. Ulikuwa mwezi mbaya wa mpira Afrika, tarehe 11 Aprili watu 43 walikufa Ellis Park, Johannesburg, tarehe 9 Mei zaidi ya 120 Accra, sisi tuko katikati na wengi hata hawatukumbuki. Afu 11 Mei 2014, Kinshasa, uwanja wa Tata Raphaël, V.Club na sisi, watu 15.

Wimbo haukuwaua hao. Waliuawa na moshi, na milango, na watu wengi mahali padogo. Nikisema ni matusi nitakuwa nawafunika wenye kazi ya kulinda uwanja.

Ninachokumbuka cha maneno ni kesho yake ya 2014. Nilikuwa kwenye simu, majina hayajajulikana, na mtu wa upande wetu akaandika kwenye Facebook: ni ba kwao, si ba kwetu. Watu wakaweka vidole gumba. Siwezi kuapa kwamba sikuweka. Hiyo ni simu ya zamani, iliibiwa sokoni kwenye mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubum, sina pa kuangalia.

## Nywele

Nywele zikaota. Wiki ya tano mke wangu akaanza kuniita kwa majina ya manabii. Nilijaribu saluni nyingine karibu na kazini, nikakaa kwenye foleni, ilipofika zamu yangu nikasimama nikatoka, sijui niliogopa nini, labda niliogopa kwamba atanyoa vizuri na basi, itakuwa imekwisha hivyo.

Jumanne iliyopita nikaenda. Saa nane mchana, najua hiyo saa hakuna watu. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ndogo inalia nje mlangoni, yeye amekaa kwenye kiti cha wateja anaangalia simu. Aliponiona akasimama akakipangusa kiti.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Cherehani, Likasi, kila kitu. Nilifika nikasema: "Ile siku uliuliza. Ni miye."

"Niliyua," akasema. "Kicheko yako inakataka mu katikati."

Jenereta ikaendelea. Akatikisa shuka nje, nywele za mtu mwingine zikaruka.

"Mama aliisikia," akasema. "Mudogo wangu aliifungula ku nyumba."

Nikauliza alisema nini.

Akanifunga shuka shingoni, akavuta kidogo, akalegeza. "Aliuliza kama derby ilikuwa ngapi ngapi."

Sikujua niseme nini hapo. Na yeye hakuongeza neno. Nikamwangalia kwenye kioo, alikuwa anachagua kitana.

"Tunatosha yote, ao tunabakisha juu?"

"Yote."

Hakuniita papa. Hakuniita yaya. Akawasha mashine, akaweka mkono juu ya utosi wangu, akaniambia niinamishe kichwa.